UZI: Atticus Finch, baba aliejua kesi atashindwa na bado akasimama mbele ya watoto wake

Wakuu habari za Jumapili. Nina jambo nimekaa nalo kifuani tangu mwezi wa nne nikaona niliweke hapa jukwaani tulijadili kwa kirefu. Uzi utakua mrefu, nitaushusha kwa vipande, mwenye haraka apite salama, mwenye muda avute kiti.

Kuna riwaya inaitwa To Kill a Mockingbird, ya mama mmoja wa Marekani anaitwa Harper Lee, ilitoka Julai 1960, mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya Pulitzer, halafu 1962 ikatengenezwa muvi na Gregory Peck aliecheza kama baba akapata Oscar. Mi nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nikiwa chuo, nikaipendea mahakama na yale maswali ya wakili. Ya pili nimeshapata mtoto. Ya tatu ni mwaka huu baada ya arobaini ya mzee wangu, na safari hii kesi yenyewe ikarudi nyuma kabisa, macho yangu yote yakawa kwa yule mtoto wa kike anavyomsoma baba yake siku hadi siku bila baba kujua kama anasomwa.

Kwa ambao hamjaisoma. Mji unaitwa Maycomb, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kati ya 1933 na 1935, uchumi umeanguka na wakulima hawana hela. Atticus Finch ni wakili, mgane, anakaribia miaka 50, ana watoto wawili, Jem wa kiume na mdogo wake Scout wa kike, Scout ndie anaesimulia. Mama yao alifariki Scout ana miaka miwili. Anaewalea pale nyumbani ni Calpurnia, mama mweusi, mpishi wa familia. Sasa kuna kijana mweusi anaitwa Tom Robinson anashtakiwa kumbaka binti wa kizungu, Mayella Ewell, na jaji anamteua Atticus amtetee. Daktari hakuitwa hata mmoja, ushahidi wote ni mdomo wa binti na wa baba yake Bob Ewell ambae ni mlevi. Binti amepigwa upande wa kulia wa uso, maana yake aliempiga katumia zaidi mkono wa kushoto, na Tom mkono wake wa kushoto umekufa, alinaswa na mashine ya kuchambua pamba alipokua mtoto. Hapa mimi wa Usukumani nilifunga kitabu kwanza. Sie tumekua karibu na jineri, tunajua ile mashine ikishika mkono wa mtu inakuaje, kwa hiyo Tom kwangu aliacha kua mtu wa mbali kuanzia ukurasa ule. Bob Ewell anaambiwa na Atticus aandike jina lake mbele ya mahakama, anaandika kwa kushoto. Kila mtu mle ndani mwenye macho ameona. Na bado juri ya wanaume weupe 12 inasema Tom ana hatia. (Juri ya wenzetu sio kama wazee wa baraza tuliowazoea ambao wanatoa maoni na jaji anaamua, ile ikisema hatia ni hatia. Na wanawake Alabama hawakuruhusiwa kukaa kwenye juri mpaka 1966, Atticus mwenyewe anawaeleza watoto kwamba wanawake hawakai humo.)

Sasa hoja yangu. Watu wanamsifia Atticus kwa ile hotuba ya mahakamani. Hotuba nzuri sikatai. Ila hotuba mtu anaweza kuandaa wiki nzima, kioo mbele, suti imepigwa pasi. Mimi nnachokiona kwa huyu baba kipo kwenye vitu ambavyo hakuviandaa.

Kipande cha kwanza kabla hata kesi haijaanza. Scout anatukanwa shuleni kwamba baba yako anatetea weusi, kwa lugha ya matusi ya kule, anarudi nyumbani na hasira anamuuliza baba yake moja kwa moja, kwanini unamtetea. Mzazi mwingine angesema we mtoto haya hayakuhusu. Atticus anamjibu. Anamwambia kwamba asipomtetea yule mtu hataweza kuinua kichwa pale mjini, hataweza kukaa bungeni kwenye jimbo kuwakilisha watu, na hataweza tena kumwambia yeye wala kaka yake wasifanye jambo fulani. Isomeni hiyo sababu ya tatu taratibu wakuu. Huyu mtu anajua kua mamlaka yake juu ya watoto hayatoki kwenye mkanda wala kwenye kua yeye ndie analeta unga, yanatoka kwenye yeye kufanya kile anachowaambia wao wakifanye, na siku akiacha yanakwisha. Kisha Scout anauliza kama watashinda, anajibiwa hapana.

Hapana, basi. Hamna kumfariji mtoto kwa uongo.

(Naendelea, moto wa mkaa umeshika ngoja nitenge maharage.)

...

Nimerudi. Kuna bibi mmoja jirani, Mrs. Dubose, mgonjwa, mwenye mdomo mchafu kuliko wote mtaani. Kila watoto wakipita anawatukania baba yao. Siku moja Jem anashindwa kuvumilia, anaenda kukata maua yote ya yule bibi, yale meupe anayoyatunza. Atticus akirudi, anamrudisha mtoto kwa bibi yule yule alietukana familia, akaombe radhi, na adhabu ikawa kumsomea kitabu kila siku jioni kwa mwezi mzima na wiki juu yake. Jem anakaa kwenye chumba kinanuka dawa, bibi anatokwa na udenda, saa ya mezani inalia, wanaruhusiwa kuondoka. Kila siku saa inasogezwa mbele kidogo. Bibi anafariki ndio Atticus anawaambia ukweli, kumbe alikua mtumwa wa mofini, dawa ya maumivu aliyopewa na daktari, akaamua kabla hajafa aiache afe akiwa huru, na ile saa ilikua inapima muda wa kukaa bila dawa. Atticus anasema alitaka mwanae aone ujasiri halisi, asije akadhani ujasiri ni mwanaume ameshika bunduki. Ujasiri kwake ni kujua umeshashindwa kabla hujaanza, na ukaanza, na ukaenda mpaka mwisho.

Na tazameni mwandishi alivyopanga, bunduki imetangulia sura moja nyuma. Mbwa mwenye kichaa kaingia mtaani, polisi mkuu wa wilaya anamkabidhi Atticus bunduki, risasi moja mbwa chini. Watoto wanapigwa na butwaa, kumbe mzee wetu ndie mlenga shabaha hodari kuliko wote pale na hajawahi kutuambia. Jem anajaa fahari. Kwa hiyo baba alipoona mwanae ameanza kumheshimu kwa sababu ya bunduki, akamhamishia macho kwa bibi mgonjwa mbaguzi anaepigana na dawa. Kumheshimu adui yako kwa kile kimoja anachokifanya vizuri, huku unajua kila kibaya chake, na kumfundisha hilo mtoto wa miaka 12 ambae ametukaniwa baba, mimi binafsi nimejaribu na sijafika hapo.

Kuna mdau ameandika hapo juu: "Mkuu huyu si ni mzungu tu alieteuliwa na jaji, angekataa? Mbona anafanywa shujaa wakati aliekufa ni Tom?"

Swali zito, nilikua nalitegemea, na nikuheshimu kwa kulileta mapema. Kwanza ni kweli aliteuliwa, hakujitolea. Hata kwenye kitabu anamwambia mdogo wake Jack kwamba alitamani amalize maisha yake bila kesi ya namna hii. Mwanasheria mmoja Monroe Freedman aliandika hoja hiyo mwaka 1992, kwamba huyu mtu alikaa bungeni na mjini miaka yote akiuona ubaguzi kila asubuhi na hakunyanyua kidole mpaka jaji alipomkabidhi faili. Mawakili wengi wa Marekani wakamjia juu, maana kule kuna watu walisoma sheria kwa sababu ya Atticus, chama cha mawakili cha Alabama mwaka 1997 kiliweka hadi mnara wa kumkumbuka pale Monroeville, mji wa kwao Harper Lee, mtu wa kwenye kitabu. Mi naona Freedman yuko sahihi kwa kiasi kikubwa. Atticus hakua mwanaharakati. Hata lile kundi la wabaguzi wa Ku Klux Klan anawaelezea watoto kama kitu cha zamani kilichoisha, na anakosea, na watu waliokuja kumuua Tom jela anawaita watu wazuri wenye upofu kidogo. Hapo mi simtetei.

Ila kuna mazungumzo Scout anayasikia kwa wazee wavivu wanaokaa nje ya mahakama. Mmoja anasema mahakama ndio imempangia hiyo kesi, mwingine anajibu ndio, lakini yeye anakusudia kumtetea kweli, na hicho ndicho kinachoniudhi. Hapo ndio pameshikilia hadithi nzima. Kupangiwa kazi wote tunapangiwa. Mji mzima ulitegemea afanye ile kazi nusu nusu, asimame, aseme maneno mawili, akae, Tom ahukumiwe kifo, yeye aendelee kualikwa chai. Angefanya hivyo hakuna ambae angemlaumu na wanae wasingetukanwa. Sisi tulio makazini tunaijua hiyo hali vizuri sana, pale unapopewa jukumu na kila mtu anakukonyeza kwamba usilifanye.

Na kuhusu Tom mkuu uko sahihi kabisa. Alipigwa risasi 17 akijaribu kupanda uzio wa gereza la kilimo. Kitabu kinaumia kwa ajili yake lakini hakikai nae nyumbani, hatumjui anaongea nini na mkewe Helen jioni. Hicho ni kilema cha kitabu na nakikubali.

Kuna sehemu moja hata hivyo ambayo msomaji wa Afrika lazima aisimamie. Wamama wa kanisa wamekutana kwa Atticus kwa chai na keki, wanaongelea kabila moja la Afrika (la kutungwa na mwandishi, wanaliita Mrunas), wanawasikitikia sana hao watu wa mbali na mmisionari aliekwenda kuwaokoa, machozi yanalenga. Dakika hiyo hiyo wanawasema vibaya wafanyakazi wao weusi kwamba tangu ile hukumu wamenuna. Katikati ya hiyo chai Atticus anaingia jikoni, Tom amekufa, anamuomba Calpurnia waende wote kumwambia Helen. Wale wamama hawajui, wanaendelea kunywa chai wakilia kuhusu Afrika.

Usiku wa jela sasa. Tom ameletwa jela ya mjini, Atticus anapata habari kwamba watu watakuja. Anachukua kiti, taa yenye waya mrefu, gazeti, anakaa mlangoni pa jela anasoma. Hana silaha, yeye aliemlenga mbwa kwa risasi moja. Magari manne yanakuja. Watoto wamemfuata kwa kujificha, Scout anachomoka mbio hadi katikati ya wale wanaume. Jem anaambiwa na baba yake peleka mdogo wako nyumbani, Jem anakataa, na Scout anasema kwa namna walivyosimama wawili pale aliona wanavyofanana japo sura ni tofauti. Mtoto anamuasi baba yake kwa sababu ameiga kitu kutoka kwa baba huyo huyo, na baba analiona hilo na hajui la kufanya. Halafu Scout anamtambua mmoja, Mr. Cunningham, baba wa mtoto anaesoma nae, mkulima maskini ambae huwa anamlipa Atticus ada ya uwakili kwa kuni na mboga maana pesa hana. Anamsalimia tu kwa adabu. Anamuulizia mwanae, kesi yake ya shamba inaendeleaje. Yule mwanaume anachuchumaa, anamshika mabega, anaahidi kufikisha salamu, anageuka anawaambia wenzake waondoke.

Mi nimelelewa kusalimia. Ukimpita mtu mzima bila salamu jioni habari imefika nyumbani kabla yako. Nilidhani ni adabu tu ya kijijini, mpaka nilipoisoma hii sehemu, mtoto wa miaka nane salamu yake imefanya kitu ambacho bunduki ya gazeti la jirani (maana mhariri Mr. Underwood alikua dirishani juu amewalenga muda wote) haikulazimika kufanya.

Dada mmoja ameuliza kama kuna sehemu inaliza. Ipo dada. Hukumu imesomwa, saa tano imepita usiku. Watoto hawakukaa chini na wazungu, walikaa roshani ya juu na weusi, na mchungaji Sykes wa kanisa la weusi ndie aliewapa nafasi. Atticus anakusanya makaratasi yake, anamnong'oneza Tom kitu, anatoka peke yake kwenye njia ya katikati. Hatazami juu. Scout anaguswa anaona weusi wote roshani nzima wamesimama kimya, na mchungaji anamwambia asimame, baba yake anapita. Hakuna alieshinda kitu usiku ule. Na asubuhi yake wanaamka ngazi za jikoni zimejaa kuku, mboga, nyanya, vitu vya watu ambao hawana, Atticus macho yanalengwa na machozi anamwambia Calpurnia awaambie wasirudie tena maana hali ni ngumu. Kwetu mtu akikupa kuku wakati anao watatu, unaelewa.

Mniwie radhi huu uzi umekaa kimya siku mbili nilikua safari. Nimekuta michango mingi na mmoja ameleta kile nilichokua nakiogopa: "Umesoma kitabu cha pili? Atticus huyo huyo ni mbaguzi."

Nimekisoma mkuu. Go Set a Watchman, kilitoka Julai 2015, miezi michache kabla Harper Lee hajafariki (alifariki Februari 2016). Kiliandikwa kabla ya hiki cha kwanza, miaka ya katikati ya 1950, mhariri wake Tay Hohoff akamshauri aandike upya kwa macho ya mtoto, ndio ikazaliwa Mockingbird. Humo Scout ana miaka 26 anaishi New York, anarudi likizo, anamkuta baba yake wa miaka 72 kwenye kikao cha wabaguzi wanaopinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja. Na Scout anamuona yeye mwenyewe akiwa amekaa juu kwenye roshani ile ile ya utotoni, pale pale weusi waliposimama. Nilipofika hapo niliumia kama nimeambiwa habari ya mtu wa ukoo. Kuna watu Marekani walikasirika kweli, wengine walikua wamewapa watoto wao jina la Atticus.

Wapo wanaosema basi ni rasimu tu tuipuuze. Sikubaliani. Baba wa Harper Lee mwenyewe, mzee Amasa Coleman Lee, alikua wakili, mbunge wa jimbo la Alabama kuanzia 1926 mpaka 1938, na mhariri wa gazeti la mji wao Monroeville. Mwaka 1919 aliwatetea watu wawili weusi walioshtakiwa kumuua mfanyabiashara mzungu, akashindwa, wakanyongwa, hakushika tena kesi ya jinai maisha yake. Huyo huyo, walioandika maisha yake wanasema, kwa miaka mingi aliamini weusi na weupe wakae mbali mbali, akaja kulegea uzeeni. Kwa hiyo binti hakutunga baba wawili. Alikua na baba mmoja, akamuandika mara mbili. Mzee Lee alifariki 1962, muvi haijatoka, na Harper Lee akampa Gregory Peck saa ya mfukoni ya marehemu. Binti ambae alishaandika mabaya ya baba yake yote, karatasi ziko kabatini, bado anatoa ile saa.

Hapa ndio nimuongelee mzee wangu, nilianzisha huu uzi kwa ajili yake nikawa nazunguka.

Mzee alikua karani kwenye kituo cha kununulia pamba, wilaya sitaitaja. Wakulima wa pamba mnajua habari ya mizani. Unafika na gunia umepima nyumbani linasoma hivi, pale linasoma pungufu, kilo mbili, kilo tatu, ukihoji unaambiwa pamba yako ina maji. Msimu mmoja wakubwa wake walitaka mizani ichezewe, kila karani alicheza. Mzee alikataa. Hakupiga kelele wala kushtaki mtu, alipima tu sawa sawa kila siku na foleni yake ikawa ndefu kuliko vituo vyote maana watu walikua wanatembea na punda toka vijiji vya mbali waje kupima kwake. Msimu ukaisha hakuitwa tena. Nilikua kidato cha pili. Nilirudishwa ada nikakaa nyumbani muhula mzima, na ukweli nilimchukia, niliona kilo mbili za watu wengine zimekua na thamani kuliko mimi. Jem alivyolia baada ya hukumu mi naijua ile hasira, ingawa yangu ilikua imeelekea kwa baba.

Huyo ndie mzee niliemuhubiri msibani mbele ya watu, na kila nilichosema kilikua kweli.

Lakini mzee huyo huyo dada yangu alipofaulu darasa la saba alisema hela haitoshi wawili, na wa kusoma akawa mimi. Hakukua na mjadala, na hata mimi sikuona tatizo, nakiri. Dada alikua na miaka 14. Jioni akaja pale mzee amekaa nje anakula, akapiga magoti kama inavyotakiwa, akamwambia, baba, wewe uliacha kazi kwa sababu ya mizani, mbona hapa nyumbani unanipunja? Mama alishika mdomo. Mzee alinawa, akanyanyuka, akaenda kwenye zizi akakaa huko mpaka giza likaingia.

Hakumpeleka shule mwaka ule. Ningependa niwaambie alimpeleka ila sio kweli. Mwaka wa pili yake mjomba alimchukua akasoma huko kwake, na mzee akawa anatuma gunia la mpunga kila mavuno bila kusema ni la nini.

Sasa ndio narudi kwa Scout wa miaka 26. Anamvamia baba yake ofisini, anamtukana matusi ambayo binti wa kwetu asingethubutu, anamwambia umenidanganya, kila ninachokijua kua ni kibaya nimekijulia kwako. Na Atticus anajibizana nae bila kumrudishia tusi, na baadae anaonyesha kwamba anajivunia binti yake kusimamia anachokiamini. Jack, yule mdogo wake Atticus, anamwambia binti kwamba alikua amemchanganya baba yake na Mungu. Mi nikisoma pale nasikia sauti ya dada yangu. Yale maneno ya mizani hakuyatoa shuleni wala kanisani, aliyatoa kwa mzee, alimpimia mzee kwa jiwe la mzee mwenyewe. Mtoto wa karani anaechezea mizani asingekua na cha kumwambia baba yake jioni ile. Kwa hiyo mdau uliesema Atticus wa pili anamfuta wa kwanza, mi naona wa kwanza ndie aliemzaa yule binti wa 26, bila yule baba wa usiku wa jela kusingekua na mtu pale roshani wa kuumia.

Haifuti kosa lake. Dada yangu alipoteza mwaka wake na haurudi.

Mwisho kuna mwenzetu kauliza aanzie wapi. Mkuu ukiona sura za mwanzo zinachelewa, watoto wanacheza tu na kumuogopa jirani anaejifungia ndani, vumilia, yule jirani Boo Radley atakuja kua na kazi yake usiku wa mwisho. Sura ya 11 ndio ya yule bibi wa maua. Kiingereza chake cha kusini kinasumbua kidogo kwenye maongezi, soma kwa sauti utaelewa.

Wiki iliyopita nilimhadithia dada yote haya kwa simu, jela, roshani, kuku kwenye ngazi, yeye hajakisoma. Alisikiliza muda mrefu. Akaniuliza huyo mama mpishi, Calpurnia, alikua na watoto wake? Nikamwambia ndio, anae Zeebo, mtu mzima, anaendesha gari la taka la mjini, shule ya weusi haikuwepo kwa hiyo mama yake alimfundisha kusoma mwenyewe, kwa Biblia na kitabu cha sheria alichopewa na babu yake Scout, na sasa Zeebo ndie anaewasomea mstari mstari nyimbo kanisani wenzake wasiojua kusoma waimbe.

Dada akasema, mbona huyo mama hujamuanzishia uzi.